Kilio Kisicho na Maiti

Wa kwanza kusikia alikuwa Apolonia, fundi cherehani wa nyumba ya pili pale mtaani Nyasubi, Kahama. Alikuwa barazani anapinda sketi ya mteja, jua limesimama utosini, akamwona Euphrasia anatoka sokoni na kikapu mkononi. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mama Wema, unatoka wapi?"

"Sokoni. Si unawaona dagaa hawa."

"Nawaona." Apolonia akageuza shingo kutazama shamba la mahindi lililo nyuma ya nyumba zao. "Basi sasa hivi nani alikuwa analia humo? Nikasema, Mama Wema leo mazoezi yake makali."

Euphrasia akasema labda ni redio ya mtu. Wakacheka wote wawili, cherehani ikaendelea kuzunguka, dagaa wakaenda kuoshwa. Hata sisi tungecheka. Ukikaa jirani na mwigizaji, masikio huzoea mengi.

Ila jikoni Euphrasia alisikia harufu. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekata, mahindi yamekauka kwenye mabua yakisubiri kuvunwa, kila mahali vumbi tupu. Lakini dirisha lilileta harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa, unaotoka shimo likishafika kifuani mwa mchimbaji. Akafunga dirisha, akaendelea kukaanga vitunguu.

Ili muelewe kwa nini jirani alidhani ni mazoezi, lazima muijue kazi ya huyu mama. Kazi yake ilikuwa kulia. Alianza kama watu wengine kwenye kikundi cha filamu cha Edson, akapewa kupita na sinia la chai kwenye sini ya msiba. Siku hiyo aliyepangwa kuwa mama wa marehemu hakutokea. Edson akamwambia, dada weka sinia chini, lia kidogo tu tumalize. Euphrasia akalia mpaka Ignas, mshika kamera, akasahau kuzima mashine, na akina mama waliokuja kushangaa wakavua viatu wakakaa chini wakalia naye.

Hapo ndipo alipokwisha. Toka siku hiyo Edson hakuandika filamu isiyokuwa na maiti. Euphrasia akawa mjane, akawa dada wa marehemu, na mara nyingi zaidi akawa mama aliyefiwa. Watu wa Kahama na wachimbaji wa huko Geita waliingia kwenye mabanda ya video kumngoja alie. Katika filamu zote hizo hakuna hata moja aliyoonekana anakula.

Mnadhani ni raha kujulikana hivyo? Sokoni muuza nyanya humwongezea moja na kumwambia pole, naye anashindwa aseme asante au aseme sijafiwa. Kwenye harusi ya binamu yake walimwomba kwa upole akae jikoni, asije akaleta mkosi ukumbini. Alikaa huko akimenya ndizi, anasikia vigelegele kwa mbali, na ilimuuma sana.

Kikundi kilipopata hadithi ya harusi, alimfuata Edson.

"Nipe mimi mama wa bibi harusi. Mara moja tu."

"Mama Wema, watu wakikuona unacheka watadhani video imeharibika."

"Nijaribu."

Wakamjaribu. Akapiga kigelegele, akacheka, akacheza mbele ya gari lililopambwa. Ignas akashusha kamera taratibu. "Dada, usinielewe vibaya. Unacheka, lakini mimi huku nasikia huruma." Kikundi kizima kikaangua kicheko, na nafasi akapewa mwingine. Nami nasema Edson hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mvivu, na mwongozaji mvivu akishapata kinachouza hatafuti kingine.

Sasa, waigizaji wenzake walijipaka kitunguu au dawa ya mafua chini ya macho. Euphrasia hakupaka kitu, na hakumwambia mtu anafanyaje. Akifumba macho alimwona binti yake Wema amelala chini ya shuka jeupe, miguu midogo imeelekezwa mlangoni. Machozi yalikuja yenyewe. Na siku moja jina nalo likatoka: "Wema wangu, umeniacha na nani?" Edson akafurahi kupita kiasi. Kwa kurahisisha mambo, kila mtoto aliyekufa kwenye filamu zake akaitwa Wema.

Bibi aliyemlea huko Ushirombo angekuwa hai angempiga kofi la mdomo. Wazee wa kule mtu akiota mwenzake amefariki hawataji jina mpaka jua litoke, sembuse kumlilia mtoto mzima kwa jina lake mbele ya umati, tena mara kwa mara. Lakini bibi alishazikwa, na mumewe Luka alikuwa mbali kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, upande wa Bulyanhulu, anapiga simu mtandao ukipatikana. Hakukuwa na mtu wa kumkanya.

Siku chache baada ya maneno ya Apolonia, Wema alirudi kutoka darasa la awali, akala, akatoka kucheza nyuma ya nyumba. Euphrasia alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, mtoto yuko mbele yake kabisa, anamwona mgongo na vifungo vya sare. Mara Wema akainua kichwa kuelekea mahindini.

"Abee mama."

Euphrasia akadhani mtoto anacheza.

"Naja," Wema akasema, akaanza kutembea.

"Wema. Unamjibu nani?"

Mtoto akageuka. Akamwona mama yake mlangoni na ungo mapajani, akatazama tena mahindi, uso umemkunjamana. "Si uliniita? Ulikuwa unalia, mama. Kule." Mahindi makavu yalikuwa yanasuguana, na upepo haukuwepo. Euphrasia alimvuta ndani, akasukuma komeo, mchele ukamwagika kizingitini na hakuna aliyeuokota.

Kesho yake akasikia mwenyewe. Saa ileile ya jua la utosi, wakati watu wako makazini na mitaa imelala, kilio kikaanza taratibu nyuma ya nyumba, na kabla hakijashika kasi alikwishakijua, maana hakuna mtu asiyejua pumzi yake mwenyewe. Kilikuwa kilio cha filamu ya kwanza, kile cha sinia la chai, hata kikohozi kilichomshika katikati siku ile kikiwemo. Kikafuata cha filamu ya pili. Kikafuata kingine, vyote kwa mpangilio, na kila kimoja kilitokea mahali pa karibu zaidi kuliko kile kilichotangulia, kwanza katikati ya shamba, halafu kwenye matuta ya mwisho, halafu nyuma ya choo, mpaka kile cha mwisho kikalia chini ya dirisha, chini kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye mkeka na kuegemeza kisogo ukutani. "Wema wangu," kikasema. "Wema wangu, umeniacha na nani?"

Wema alikuwa kitandani. Hakulia. Alijilaza chali, akanyoosha miguu kuelekea mlangoni, akavuta shuka mpaka usoni.

Kituo cha afya walimpima malaria, wakampima mkojo, wakasema hawaoni ugonjwa. Lakini mtoto alikuwa baridi mikononi na hakutaka kula. Jioni Euphrasia alipomfumua nywele amsuke upya, udongo mbichi ulimwagika kutoka kwenye mistari ya kichwa, mweusi na wenye unyevu, ukachafua kanga.

Apolonia alikuja na uji, akauona udongo ule, akaweka bakuli chini.

"Mwenzangu," akanong'ona, "hii si ya hospitali."

"Usiseme."

"Nasema. Kuna mama mmoja njia ya Ushirombo, anaitwa Mariana. Dada yangu alitolewa shetani pale. Panda bodaboda asubuhi, nitakaa na mtoto."

"Sauti ile ikiita je?"

"Nitamfunga mtoto kanga kiunoni mwangu. Nenda."

Mariana hakuwa mzee wala hakuwa na mbwembwe. Euphrasia alimkuta anapukuchua karanga, simu imechomekwa kwenye sidiria inatoa nyimbo za kwaya. Euphrasia akampa shikamoo, akamkabidhi kifaranga aliyekuja naye. Mganga alimchinja, akampasua, akatazama chini ya bawa muda mrefu, huku akizima nyimbo kwa mkono wenye damu.

"Mayu," akamwita, kama Wasukuma wamwitavyo mama yeyote, "umefiwa mara ngapi?"

"Sijafiwa. Mimi naigiza."

"Hapa naona misiba mingi. Matanga yamewekwa, hayajaanuliwa hata mara moja. Na yote analiliwa mtu mmoja."

Euphrasia akaeleza kila kitu, shuka jeupe, jina, sauti chini ya dirisha.

"Lakini ilikuwa kazi tu," akamalizia.

"Hilo linalolia ni jini, halijui kazi. Linajua jina. Umelilisha kilio mara zote hizo na maiti hukuleta, sasa limekuja kuichukua."

"Basi tuanue matanga. Tunyoe nywele, tufagie, yaishe."

"Ukianua umekubali amekufa." Mariana akafuta mikono kwenye majani. "Sikiliza vizuri. Likija kulia, wewe lijibu kwa furaha. Lisikie tone moja la chozi, umempoteza. Lakini iwe furaha ya kitu kilichopo. Mtoto anapumua, ana meno, anakupigia kelele asubuhi hataki kuoga. Furahia hayo. Usilete kitu ambacho bado hakijatokea. Umenielewa? Usiigize."

"Nimeelewa, mama."

"Na mtoto mwambie leo hii. Mama anayelia siyo mama yake. Akimwona analia, hata akiwa na uso wako, amkimbie."

Euphrasia alirudi na maneno hayo kifuani. Alimkalisha Wema, akamfundisha, akamfanya arudie mpaka akasema bila kukosea. Mama anayelia siyo mama. Wema akakubali kwa kichwa, macho yameingia ndani.

Siku iliyofuata walingoja. Apolonia alikaa mlangoni na kinu amekipindua kuwa kiti, Wema yuko kitandani chini ya shuka, na Euphrasia amepiga magoti kando yake, ameshika kidole gumba cha mguu wake kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa bado na joto. Jua likasimama. Harufu ikaja kwanza, ikaingia chini ya mlango. Kisha kilio kikaanza, na safari hii hakikuanzia mbali, kilianzia dirishani.

"Jibu," Apolonia akanong'ona.

Euphrasia akafungua mdomo acheke. Alifikiria meno ya Wema, alifikiria anavyokataa kuoga, alifikiria yote aliyoambiwa, lakini kila alichokishika kilimgeukia mkononi, kwa sababu meno yale yalikuwa yanagongana kwa baridi na asubuhi ile mtoto hakukataa kuoga wala hakusema neno, na kicheko kilipotoka kilitoka kimekatika katikati, kile kicheko kilichomtia Ignas huruma, na huko nje sauti ilikidaka ikakimalizia kuwa kilio, ikalia kwa nguvu zaidi, na shuka likaanza kuvutwa taratibu kufunika uso wa mtoto na mkono wa kulivuta haukuwepo.

"Mama Wema, jibu. Anakwenda."

Alikuwa hajui kufurahi bila kufumba macho. Hiyo ndiyo kweli yake, na sisi ni nani tumhukumu? Miaka yote aliishi kwa ufundi mmoja tu, akifumba anaona, akiona anasikia moyoni. Akafumba macho. Akamwona Wema mkubwa, mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shela, anashuka kwenye gari lililofungwa mawaridi, na ng'ombe wa mahari wamejaa uani wanasukumana, na upande wa bwana harusi wamesimama wanapiga makofi, na yeye Euphrasia yuko mbele ya watu wote kwenye kitenge kipya, hayuko jikoni, hakuna aliyemwambia akae jikoni, na kigelegele kikamtoka kutoka tumboni, kirefu, safi, kikafuatiwa na kingine, akasimama, akacheza chumba kizima, akaimba kwa sauti ambayo Nyasubi haijawahi kuisikia kwake. "Wema wangu anaolewa! Njooni muone, Wema wangu anaondoka leo!"

Apolonia alipokea kigelegele huku machozi ya hofu yakimchuruzika mashavuni. Kilio dirishani kikalegea. Kikajaribu mara moja tena, kikakatika, na baada ya hapo wakasikia kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Harufu ya udongo ikaondoka kidogo kidogo. Shuka likasukumwa kwa ndani, na Wema akakaa kitandani akaomba maji.

Mtoto alikunywa, akala uji wote, akaomba na ugali. Kufika jioni mikono ilikuwa na joto, na kesho yake alikataa kuoga kwa kelele mpaka majirani wakacheka. Luka alipopiga simu alisikia sauti ya mkewe ikicheka, kicheko cheupe, akauliza kama yuko na mgeni. Euphrasia alimwambia hapana, ni mimi. Ilikuwa furaha kubwa ndani ya nyumba ile na hakuna wa kumlaumu kwa kuifurahia.

Apolonia ndiye aliyeliona tundu. Alikuwa anampima Wema gauni la sikukuu, ana pini mdomoni.

"Hivi siku ile uliona nini mpaka ukapiga vile?"

"Harusi yake. Nilimwoza." Euphrasia akatabasamu. "Ungeona ng'ombe wale."

Apolonia akatoa pini mdomoni moja moja. "Na mkwe ulimwona? Ni nani?"

Euphrasia alitaka kujibu kwa utani, akatafuta uso, akakuta hakuna. Aliona koti. Aliona mikono inapiga makofi. Palipokuwa na uso hakukumbuka kuweka kitu. Waliamua kesho alfajiri waende tena kwa Mariana, na usiku ule Euphrasia akalala na mtoto kifuani.

Alfajiri bodaboda aliyemwita hakufika, akaita mwingine, naye akachelewa, na jua likawa limepanda Euphrasia bado yuko uani na mkoba begani, Wema kando yake kwenye gauni jipya jeupe ambalo Apolonia alilimalizia usiku. Harufu iliyokuja haikuwa ya udongo. Ilikuwa ya marashi, ya pilau iliyopaliwa makaa, ya kitenge kipya kilichotoka dukani. Kisha mahindini kigelegele kikapigwa, kirefu, safi, kutoka tumboni, na Euphrasia akakijua kabla hakijaisha. Vikaitikia vingine, vingi mno kwa shamba lile dogo, na makofi, na kwato za ng'ombe wengi wanaosukumana pasipoonekana ng'ombe hata mmoja, na mabua ya mahindi yakaanza kuinama huku na huku yakifungua njia pana kama ya gari.

"Wema wangu," sauti yake mwenyewe ikaita kutoka humo, kwa furaha ambayo hakuna mtoto angeikataa. "Njoo, mwanangu. Wamekuja kukuchukua."

Wema akatabasamu, akachomoa mkono wake.

"Wema, rudi," Euphrasia akajaribu kusema, akapiga magoti amdake akamkosa, na kilichotoka kilikuwa kilio, kile chake, kile cha Kahama nzima, mara hii kwa mtoto aliye mbele yake na hakuna kamera. "Wema wangu, usiniache. Wema wangu."

Mtoto akasimama. Akamtazama mama yake aliyepiga magoti vumbini analia, akamtazama vizuri, hofu ikamjaa machoni.

"Wewe siyo mama," akasema taratibu, kama alivyofundishwa.

Akageuka, akashika pindo la gauni lisiguse vumbi, akakimbia kuelekea kwenye vigelegele.